Usiku wa saa kumi na tano: kuwalisha ndege wa mwituni wakati wa theluji, Minnesota

Tarehe 21 Desemba hapa Minneapolis jua huchomoza saa mbili kasoro dakika kumi hivi asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limekwisha kuzama. Kutoka hapo hadi lichomoze tena ni usiku wa saa 15 na ushei, na nje baridi inaweza kufika nyuzi 25 chini ya sifuri. Katika usiku huo chikadii, ndege mwenye kofia nyeusi na mashavu meupe, uzito gramu 11 tu, amejibanza ndani ya tundu la mti. Hali kitu mpaka kupambazuke. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini mchana uliopita, takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na kwa uwezo mmoja wa ajabu: mchana joto la mwili wake ni nyuzi 42, usiku analishusha kwa nyuzi 10 hivi ili akiba isiishe haraka, huku misuli ikitetemeka isije ikashuka zaidi. Kukicha akiba imekauka, na kazi inaanza upya.

Ukiushika usiku huo akilini, maswali mengi ya bustani yanajijibu: chakula gani, kiwekwe wapi, saa ngapi, maji ya nini, kichaka cha nini. Kila kitu ninachoeleza hapa chini kinapimwa kwa swali moja tu: je, kinamsaidia ndege huyu kufika asubuhi?

Kwanza niondoe hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba chakula chetu kitawazuia ndege wasihame. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaujua upande wa pili wa safari hizi, maana mbayuwayu wa Ulaya huja kwetu wakati kwao kunaganda. Mbayuwayu wa huku Marekani ni wa aina hiyo hiyo, ila yeye huelekea Amerika ya Kati na ya Kusini. Anachokimbia ni njaa, kwa kuwa wadudu wanaoruka wametoweka. Saa ya kuondoka anaipata kwenye mchana unaofupika, na bakuli la mbegu halimbadilishi nia. Wanaobaki ni wale wanaoweza kubadili mlo: mbegu, matunda makavu, mayai ya wadudu yaliyojificha kwenye magome.

Hofu ya pili ni kwamba watazoea kulishwa na siku ukisafiri watakufa. Hilo lilichunguzwa katika jimbo jirani tu na hapa, Wisconsin, na watafiti Margaret Brittingham na Stanley Temple. Chikadii walipata kwenye vilishio karibu moja ya tano ya nguvu walizohitaji kwa siku. Zilizobaki walizitafuta wenyewe msituni. Matokeo yao ya mwaka 1988 yalionyesha kuwa asilimia 69 ya waliokuwa na vilishio walivuka kipupwe, dhidi ya asilimia 37 ya wasiokuwa navyo, na tofauti ilikuja hasa katika miezi yenye siku nyingi za baridi chini ya nyuzi 18 hasi. Walipoondoa vilishio mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa kwa miaka 25, ndege hao waliishi sawa na wale ambao hawakuwahi kulishwa. Kwa hiyo safiri kwa amani. Ila ukiwa na uchaguzi, usikubali vilishio vikae vitupu wiki ile ya baridi kali, kwa sababu ndiyo wiki yenye maana.

Mbegu

Ukiwa na fedha ya mfuko mmoja tu, nunua alizeti nyeusi ya mafuta. Hii ni tofauti na ile yenye mistari wanayotafuna watu: ganda lake ni jembamba, kiini kimejaa mafuta, na mdomo mdogo wa chikadii unaweza kuipasua. Kadinali, nathachi, chiriku, vigong'ota, jei wa buluu, wote wanaila. Iliyomenywa kabisa ni ghali zaidi lakini haiachi maganda, na hilo ni muhimu kwa anayeishi kwenye apatimenti. Maganda ya alizeti yakirundikana chini huwa na kemikali inayodumaza nyasi. Theluji ikiyeyuka Aprili utakuta duara la udongo mtupu.

Mfuko wa bei poa wenye picha ya ndege wengi wa rangi ni mtego kwa mnunuzi. Soma orodha nyuma. Mara nyingi kinachoongoza ni mtama mwekundu, halafu ngano. Kwa mtu anayejua jinsi kwelea wanavyolifuta shamba la mtama Dodoma, ni jambo la kushangaza: ndege wengi wa upande huu wa Marekani hawautaki. Wanauchokoa na kuutupa chini wakitafuta alizeti iliyofichwa ndani, nao unabaki kuota ukungu na kuita panya. Mfuko ulioonekana rahisi nusu yake imekwenda ardhini.

Mawele meupe madogo ni jambo jingine. Hayo yanapendwa na wanaolia chini: junko, ndege wa kijivu mwenye tumbo jeupe anayeshuka kutoka Kanada, na njiwa waombolezaji. Usiyatie kwenye kilishio cha bomba kinachoning'inia. Kanyaga theluji chini ya kichaka mpaka ishikamane, mwaga konzi moja au mbili, basi. Mwaga kinachoweza kuliwa kabla ya giza tu.

Nyjer, zile mbegu nyeusi nyembamba kama sindano, asili yake ni Ethiopia, ambako mmea wake huitwa noug na hukamuliwa mafuta ya kupikia. Kabla ya kuuzwa huku hupitishwa kwenye joto kali ili zisiote. Chiriku wa Marekani wanazipenda mno, lakini zina tatizo: mafuta yake hukauka haraka, na nyjer kavu haiguswi. Watu wengi wanaosema hawana chiriku wana mbegu zilizokufa. Weka chache juu ya karatasi nyeupe, zibonyeze kwa ukucha. Zikiacha doa la mafuta, ziko hai. Zikiacha unga tu, tupa. Nunua kilo moja au mbili, usinunue gunia. Pia kumbuka kwamba chiriku wa kiume huvua manjano yake msimu wa vuli na kuvaa rangi ya zeituni iliyofifia. Yupo, humtambui tu.

Karanga ziwe zimekaangwa na hazina chumvi. Na karanga zenye ukungu zisikaribie bustani hata kidogo: sumukuvu ile ile tunayoihofia kwenye mahindi na karanga za nyumbani inaua ndege pia, na kwa mwili wa gramu 11 kiasi kidogo kinatosha. Mkate hujaza tumbo bila kuleta mafuta yanayohitajika usiku, kwa hiyo hauna nafasi hapa. Mabaki ya chakula chenye chumvi vilevile.

Hifadhi mbegu kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, mahali pa baridi. Plastiki inatobolewa na panya ndani ya usiku mmoja.

Shahamu

Hapa ndipo ningependa wenzangu waweke nguvu, maana ndicho chakula chenye nguvu nyingi kuliko vyote na wengi hawakijui. Shahamu inayotakiwa ni ile ngumu nyeupe inayozunguka figo za ng'ombe. Nenda kwenye bucha, si rafu za duka kubwa, uombe mafuta ya figo. Huku mara nyingi ni bei ndogo sana. Katika baridi iliyo chini ya sifuri unaweza kuning'iniza pande zima bichi kama lilivyo ndani ya wavu wa chuma, na vigong'ota watakuja.

Kipande cha kupika kinadumu zaidi na kinalisha ndege wengi zaidi. Katakata shahamu vipande vidogo, yeyusha kwa moto mdogo kabisa, chuja kwa kitambaa, acha igande, halafu yeyusha tena mara ya pili. Kuyeyusha mara mbili ndiko kunakoifanya iwe ngumu. Wanaoruka hatua hiyo hupata kitu laini kinachomeguka. Kisha pima:

Shahamu iliyoyeyushwa kikombe 1, siagi ya karanga isiyo na chumvi kikombe 1, oti za haraka vikombe 2, sembe vikombe 2, unga wa ngano kikombe 1.

Changanya shahamu na siagi ya karanga zikiwa za moto, epua, tia vikavu kidogo kidogo ukikoroga. Mimina kwenye chombo cha mraba cha sentimita 12 kwa 12, unene sentimita 4, kwa sababu vizimba vingi vya shahamu vinavyouzwa vina kipimo hicho. Mchanganyiko huu hutoa vipande viwili hadi vitatu. Gandisha, ukivitenganisha kwa karatasi ya nta. Ukiona kinamong'onyoka mkononi, oti zimezidi. Ukiona kinapinda, shahamu haikuyeyushwa mara mbili au umetumia mafuta ya nguruwe. Usitie sukari wala asali.

Kizimba kifungwe kwenye shina la mti au kwenye ubao mrefu unaoteremka chini yake, kwa sababu kigong'ota hula huku ameegemea mkia. Kikining'inia hewani hula kwa shida. Kigong'ota mdogo, mwenye mdomo mfupi kama mwiba, na mwenzake mkubwa mwenye mdomo unaokaribia urefu wa kichwa, wanafanana madoa kwa madoa. Utawatofautisha kwa mdomo. Kwenzi wakivamia kundi zima na kumaliza kipande kwa siku moja, tafuta kizimba kinachofunguka upande wa chini tu. Kigong'ota, nathachi na chikadii wanaweza kula wakining'inia kichwa chini. Kwenzi anachoka na kuondoka.

Shahamu ni ya baridi. Mchana ukianza kupanda kuelekea nyuzi 20, iondoe. Inachacha, na ikiyeyuka inapaka manyoya ya kifuani. Manyoya yenye mafuta hayashiki hewa, na ndege asiyeshika hewa kwenye manyoya hana blanketi.

Mahali pa kuweka

Nguzo isimamishwe Oktoba. Mwezi huo ardhi bado inachimbika. Baada ya hapo inaganda kama saruji na nguzo haiingii. Aliyechelewa achukue ndoo, asimamishe nguzo ya bomba la inchi moja katikati, ajaze zege. Inafanya kazi vizuri hata juu ya baraza.

Kioo kinaua ndege wengi mno. Makadirio ya mwaka 2014 yanasema ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka Marekani kwa kugonga majengo, na nyumba za kawaida zina sehemu kubwa katika idadi hiyo. Kwa hiyo kilishio kikae ama chini ya mita moja kutoka dirishani, ama zaidi ya mita kumi. Akishtuka akiwa karibu, hajapata mwendo wa kujiumiza. Akiwa mbali, ana nafasi ya kuona na kukwepa. Sehemu mbaya kabisa ni ile mita tano hadi kumi, na bahati mbaya ndipo watu wengi wanapoweka ili waone vizuri wakiwa jikoni. Kioo kikubwa kiwekewe alama kwa nje, vidoti au mistari iliyoachana sentimita 5. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii. Ndege anapita pembeni yake.

Kwa wa apatimenti, kilishio cha kunata kwenye kioo ndicho salama zaidi, kwa sababu ndege anakuja pale akijua anatua. Vikombe vya mpira huanguka kwenye baridi. Safisha kioo kwa sabuni, kausha, pasha vikombe kwa maji ya moto, vifute, bandika saa sita mchana siku yenye jua. Uliza kwanza mkataba wa nyumba unasemaje.

Kichaka au mti wa majani ya kudumu uwe umbali wa mita tatu hivi. Ndege mdogo anataka kuona mahali pa kukimbilia kabla hajakubali kula. Ukiwa karibu zaidi, paka hujificha humo na kindi anapata pa kurukia. Kama bustani yako ni tupu, mwanzoni mwa Januari utakuta miti ya Krismasi imetupwa kando ya barabara. Chukua miwili, ondoa nyuzi za mapambo, ilaze au isimamishe kwenye theluji. Ni kichaka kamili, bure, na asubuhi yake tayari kuna junko ndani.

Bomba lenye vitobo linawafaa chikadii na chiriku. Kadinali ni mkubwa, hapendi kupinda shingo kutoka kwenye kijiti chembamba. Anataka sinia au kibanda chenye ukingo mpana anaokabili chakula moja kwa moja. Sinia liwe na kitako cha wavu ili theluji iliyoyeyuka ipite. Kadinali ndiye wa kwanza alfajiri na wa mwisho magharibi, wakati mwingine giza limeanza kuingia. Watu wanaojaza sinia saa nne asubuhi na kuliacha likaisha saa nane mchana humkosa, na humkosesha mlo ule hasa anaolala nao. Jaza vilishio jioni kwa kiasi kinachofika alfajiri kama huna wanyama wa usiku. Kama unao, jaza kabla ya jua. Kisha tazama tena saa nane au saa tisa mchana. Siku moja kabla ya dhoruba utawaona wanamiminika. Wanahisi hewa ikibadilika, na siku hiyo mara mbili ya kawaida huisha.

Anza Septemba au Oktoba. Chikadii huweka akiba wakati huo, mbegu moja moja, kwenye nyufa za magome na chini ya ukoko wa miti, na anakumbuka mahali pengi mno. Kilishio kipya kinaweza kukaa wiki mbili bila mgeni. Usikihamishe kila siku tatu kwa kukata tamaa. Kila ukihamisha unaanza upya.

Maji

Theluji imejaa kila mahali lakini maji hayapo. Ndege anaweza kula theluji, ila lazima aiyeyushe kwa joto la mwili wake, na joto hilo ndilo anahitaji usiku. Beseni lenye hita na thamostati linatatua hili. Hita za aina hii huwa kati ya wati 50 na 150 na hujiwasha tu maji yanapokaribia kuganda. Soketi iwe ya nje, yenye kikatio kinachokata umeme mara moja maji yakigusa, na waya uwe wa kazi ya nje. Kiungo cha waya kisilale kwenye theluji.

Beseni la udongo au zege hupasuka. Tumia plastiki nzito au chuma. Kina kisizidi sentimita 5, weka jiwe bapa katikati. Baridi ikipita nyuzi 20 hasi, tandaza vijiti juu ya beseni, viachane kiasi cha mdomo kupita. Wanywe tu, wasioge, kwani manyoya yaliyolowa katika baridi hiyo yanaganda. Usitie chumvi, gliserini wala dawa yoyote ya kuzuia kuganda. Ongeza maji kila siku. Hewa kavu ya kipupwe inayanywa haraka, na beseni tupu lenye hita huungua.

Usafi

Kuwakusanya ndege 40 mahali ambapo kwa kawaida wangepita wawili ni sawa na kufungua soko, na soko chafu hueneza maradhi. Salmonela huenea kwa kinyesi kilichoangukia mbegu. Ugonjwa wa macho wa house finch, ndege mdogo mla mbegu ambaye dume lake lina kifua chekundu, uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1994 karibu na jiji la Washington, D.C., huenea kwa kugusa vitobo vilivyoguswa na mgonjwa: jicho huvimba, hufunga, ndege anabaki amekaa juu ya kilishio hajui pa kwenda. Inaumiza kumtazama.

Kila wiki mbili osha. Sugua kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kisha loweka dakika 10 katika mchanganyiko wa maji sehemu 9 na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo nyumbani wengi huiita jiki, sehemu 1. Suuza sana, kausha kabisa. Vaa glavu na utumie ndoo ya kazi hiyo peke yake, usitumie sinki la vyombo. Kukausha ndiko kunakowashinda watu, kwa sababu nje hakuna kinachokauka na ndani unakihitaji tena kesho. Dawa yake ni kuwa na bomba mbili: moja nje, moja ndani ikikauka karibu na hita.

Wakati wa joto fupi la Januari, theluji inapoyeyuka na kuganda tena, maji huingia kwenye bomba na mbegu za chini zinashikana bonge. Choma kwa kijiti. Kikigoma, au ukinusa uchachu, mwaga zote, hata kama za juu ni kavu. Ukiona ndege mgonjwa, aliyevimba manyoya, asiyeruka ukimkaribia, ondoa vilishio vyote kwa wiki mbili ili kundi litawanyike, na uoshe kila kitu. Ni vigumu kufanya hivyo katikati ya baridi, lakini ndiyo huruma yenyewe.

Wageni wengine

Kindi wa kijivu huruka futi 5 kwenda juu, futi 7 hadi 8 kwa upande, na futi 9 akitokea juu. Pima hivyo kabla ya kununua kilishio chochote kinachodai kumshinda. Kinachomshinda kweli ni bomba la bati la jiko, kipenyo inchi 6 hadi 8, urefu sentimita 60, limezibwa juu, limening'inizwa kuizunguka nguzo. Anapanda, anaingia ndani, anakuta giza na kizibo, anashuka. Kilele chake kiwe zaidi ya mita 1.5 juu ya theluji. Juu ya theluji, nasisitiza, maana theluji ya nusu mita ni ngazi aliyopewa bure, na ndiyo sababu mfumo uliofanya kazi Novemba hushindwa Februari. Usipake nguzo grisi. Inaishia kwenye manyoya. Pilipili kwenye mbegu haiwasumbui ndege, kwa kuwa hawausikii ukali wake kama sisi, lakini upepo huipeperusha hadi machoni mwao na mwako. Bati linatosha.

Kipanga wa Cooper akianza kuja kila siku, shusha vilishio kwa siku tano au wiki. Atahama. Naye anapigania usiku ule ule, na kumdhuru ni kosa: sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inawalinda karibu ndege wote wa asili wa nchi hii, pamoja na viota na mayai yao. Wageni waliofika karibuni wajue hilo, kwa sababu kumtega njiwa mwombolezaji wa huku si jambo dogo kama lilivyokuwa kijijini. Shomoro wa mijini, yule yule wa Mombasa, na kwenzi hawamo katika ulinzi huo, kwa kuwa wote wawili waliletwa kutoka Ulaya katika karne ya 19.

Paka akae ndani. Hilo sina namna ya kulilainisha.

Kulala na kupanda

Nyumba ya kulalia ni kinyume cha nyumba ya kutagia. Mlango wa sentimita 3 hadi 5 uwe karibu na sakafu, kwa sababu hewa ya moto hupanda na inatakiwa ibaki juu walipo ndege. Ndani kuwe na vijiti viwili vitatu vilivyopishana ili wasichafuane, mbao zenye unene wa sentimita 2, bila matundu ya hewa, na mlango uelekee kusini au mashariki, mbali na upepo wa kaskazini-magharibi.

Bustani yenyewe usiifagie vuli. Acha vichwa vya alizeti na ekinasia visimame vikavu; chiriku atavimaliza. Acha mashina ya yale maua ya njano ya mbugani yaitwayo goldenrod, hasa yenye uvimbe wa mviringo katikati. Ndani ya kila uvimbe kuna funza mmoja mnene wa nzi, na chikadii na kigong'ota mdogo hutoboa tundu na kumtoa Januari. Ni nyama inayojihifadhi yenyewe. Ukipanda, tafuta Ilex verticillata, kichaka cha matunda mekundu yanayobaki baada ya majani kudondoka. Kina dume na jike. Bila dume mmoja karibu, anayechanua wakati mmoja na majike, hupati tunda hata moja, na wauzaji wengi hawamwambii mnunuzi. Ongeza mwerezi mwekundu mmoja upande wa upepo.

Mwishoni mwa Machi anza kupunguza. Shahamu itoke, ardhi ifagiliwe maganda, hita ya maji ichomolewe na kukaushwa. Kaskazini mwa jimbo dubu huamka wakati huo wakiwa na njaa, na kilishio kimoja cha alizeti kinatosha kumleta barazani, kwa hiyo huko vilishio vyote viingie ndani mpaka mwishoni mwa vuli. Mjini unaweza kuacha bomba la nyjer likaendelea. Aprili utaona madoa ya manjano yakichomoza kwenye vifua vya chiriku dume, moja moja, na hawataondoka mapema: chiriku hujenga kiota kwa kuchelewa, mwishoni mwa Juni au Julai, mbigili zinapoanza kutoa sufi ya kutandikia.